Njegere za Maua Zilizowahi

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima ni mimi, mwanao na panya mmoja niliyeshindwa kumfukuza. Wote watatu hatujambo. Goti langu linaniuma nikipanda ngazi za kiwandani, likifika juu linapona, kwa hiyo naanza kuamini ni uvivu tu. Kazini tunajalidi madaftari ya mahudhurio ya shule, elfu moja na mia mbili, na gundi waliyoleta mwaka huu inanuka samaki. Chiriku wako amenipiga marufuku kumkumbatia kabla sijaoga.

Amerefuka. Ile sare uliyomwachia nimeishusha pindo mara mbili na sasa hakuna tena cha kushusha. Na anaongea. Nalisema mapema kwa sababu najua ndilo neno unalolitafuta kwenye barua zangu kabla ya mengine yote. Anaongea tangu anapofumbua macho, jina tulilompa linamfaa tena. Juzi amenieleza kwa kirefu kwa nini kuku wa jirani hawana masikio, na sababu zake zilikuwa nzuri kuliko zangu.

Sasa niseme lililonifanya nichukue kalamu. Zile njegere za maua ulizotutumia kwenye bahasha mwaka jana mwezi wa kwanza, tulizipanda kando ya ukuta wa nyuma kama ulivyoelekeza. Ulisema yule bibi unayemhudumia amekuambia ni za kudumu: mwaka ukiisha hazifi, zinalala ardhini kisha zinaamka. Ila ni za subira, zinajenga mizizi kwanza na hazichanui mpaka mwaka wa tatu. Ukaona mkataba wako nao ni wa miaka mitatu, ukapiga hesabu, ukamwandikia mwanao kwa herufi kubwa: SIKU MAUA YAKICHANUA, MAMA YUKO MLANGONI. Karatasi hiyo iko chini ya mto wake mpaka leo.

Jumamosi nilikuwa nang'oa magugu pale ukutani nikaona matumba. Nane. Moja limeshaanza kuonyesha rangi ya zambarau. Mkataba wako umebakiza miezi ishirini.

Yeye hajayaona. Anamwagilia kila jioni, lakini anatazama chini kwa sababu anaogopa kulowesha viatu. Siku yoyote atanyanyua kichwa. Niambie nifanye nini, na uniambie haraka, ingawa najua haraka yetu mimi na wewe ni siku ishirini na tano.

Dada yako


6 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha visa. Mimi mzima, ila mikono imekauka kwa maji ya baridi na sabuni. Bibi anaendelea hivyo hivyo. Asubuhi namwosha, namvalisha soksi tatu, namsogeza dirishani, na hapo anakaa kuikagua bustani yake kama alivyokuwa akikagua madaftari ya wanafunzi. Alifundisha jiografia miaka thelathini na nne. Bado ananisahihisha namna ninavyokunja shuka.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikaenda kumwuliza Bibi. Za kwake hapo nje bado ni vijiti vikavu, huwezi kuamini kuna kitu hai chini. Akasema, ah, kwenu kuna joto, na kwenye joto aina hii huwahi kuliko maua mengine yote. Nikamwambia hukuniambia. Akasema hukuniuliza. Na ni kweli sikumwuliza. Nilisikia miaka mitatu, nikafurahi kwamba imelingana na yangu, nikakimbilia kalamu. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nimekulisha wewe.

Kata, dada. Kata kila tumba akiwa shuleni, lisibaki hata moja. Kisha osha mikono, na usiache hata ganda moja likomae, mbegu zake zina sumu, mtoto asije akadhani ni njegere za kula.

Najua utaniambia nimweleze ukweli. Usiniambie. Wewe ndiye uliyekuwepo mwaka juzi nilipomwahidi kwamba shule zikifungwa nitakuja, na sikuja. Wewe ndiye uliyemwona amekaa kizingitini na begi lake. Siku arobaini na moja hakusema neno, si kwako, si kwa mwalimu, si kwa wale kuku. Nilipopiga simu alishika mkono wa simu akawa ananipumulia tu mpaka muda ukaisha, ndiyo maana mimi na wewe tukaamua ni barua tu. Bahasha ile ya mbegu ndiyo iliyomfungua mdomo. Tangu baba yake afariki hana wa kumwamini ila sisi wawili. Nikivunja na hii, sidhani kama ataongea tena, na mimi niko huku. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mbusu ukishaoga.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti halijaacha visa, limeongeza. Madaftari ya mahudhurio tumemaliza, sasa tunajalidi sheria za ushuru, kurasa mia tisa kila nakala, na msimamizi wetu anasema ni vitabu vizuri kwa sababu havitafunguliwa na mtu vikaharibika. Chiriku amepata ya tatu darasani. Amesema angepata ya kwanza kama asingekuwa anawasaidia majirani zake wa dawati kwa sauti.

Yale manane ya kwanza niliyakata kabla barua yako haijafika. Sikuweza kungoja. Basi usijilaumu peke yako, tulifikiria jambo moja tukiwa mbali.

Hivi sasa mambo ni haya. Saa moja na robo anatoka kwenda shule na watoto wa jirani. Mimi natakiwa kazini saa mbili. Katikati hapo nashika mkasi wangu wa uzi, naenda ukutani, nakata, natia kwenye aproni, nachoma jikoni. Wiki ya kwanza yalikuwa kumi na manne kwa wiki nzima. Wiki ya pili yalikuwa hayo hayo kwa siku moja. Ijumaa iliyopita nilihesabu thelathini na saba. Nimechelewa kazini mara nne. Msimamizi ameniuliza kama nimepata mchumba, umri huu, nikamwambia ndiyo, ana majani.

Sielewi. Ninavyokata ndivyo yanavyozidi, kana kwamba nayatia hasira. Jumanne nilisahau tumba moja nyuma ya shina. Jioni lilikuwa limeshafunguka. Nilisimama mbele yake nikilifunika kwa gauni wakati mtoto anamwagilia, nikijifanya namtafutia mdudu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mdogo wangu.

Nilifikiria kuzing'oa, nikachimba pembeni na koleo kuona. Mizizi imekwenda chini kuliko mkono wangu. Nikizing'oa zitakufa, na atauliza ahadi yake imekwenda wapi. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi naona mwisho wa hii. Ulinikataza kusema kitu, kwa hiyo nauliza tu: huko hakuna likizo? Hata ya wiki mbili, ufike uonekane, urudi?

Nasubiri.

Dada yako


28 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hapa vijiti vya Bibi vimeanza kutoa majani, ameniamuru nimpeleke nje na kiti chake ayaone, tukakaa dakika kumi nikamrudisha ndani midomo imekuwa ya bluu. Sasa ana kikohozi. Mimi mzima.

Nilimsomea kipande kile cha barua yako kuhusu thelathini na saba. Alicheka mpaka nikamshika asianguke. Kisha akaniambia kwa sauti yake ya darasani: njegere ya maua inachanua kwa kutafuta mbegu. Ukiikata kabla haijapata, inaanza upya kwa nguvu zaidi. Watu wa maua wanaikata makusudi ili wachume msimu mzima. Ukitaka inyamaze, iache ichanue, maua yanyauke, maganda yatoke. Ikishaona mbegu zake, inatulia.

Kwa hiyo, dada, dawa ya kuyazuia maua ni kuyaacha yachanue. Nimeligeuza neno hilo kichwani kila upande, nimeshindwa pa kulishikia. Endelea kukata. Sina jingine la kukuambia.

Kuhusu likizo uliyouliza, kama nilivyosema Bibi ana kikohozi.

Usizing'oe. Na usimweleze kitu. Unaposema unaona mwisho wake, unaona kwa macho ya mtu anayeweza kulala usiku. Mimi naamka nikidhani ameita. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Mdogo wako


22 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mpe Bibi pole ya kikohozi.

Barua yako nimeipata Jumatatu. Methali uliyofungia nimeisoma. Nami ningekujibu kwa nyingine, unayoijua vizuri tangu tukiwa wadogo, lakini naiacha.

Nakata kama ulivyotaka. Kuna siku hizi mbili tatu nimekuta kazi ni ndogo kuliko nilivyotarajia, vikonyo vingine vimenyofolewa juu, havina tumba. Nadhani ni kuku wa jirani. Nimemwambia jirani awafunge, tumegombana, amesema kuku wake hawajawahi kula maua tangu azaliwe.

Chiriku ameanza kuniita "Mama" tu, "Mkubwa" ameliacha njiani. Namsahihisha. Anasahau.

Dada yako


4 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua hii nimeianza mara nne. Nilipokwisha kutia ile ya mwisho kwenye sanduku la posta nilisimama pale nikitamani mkono wangu ungepita kwenye kale kadirisha niitoe. Nilikusema kwa jambo ambalo wewe unalifanya kila siku, na mimi ndiye nisiyelifanya. Sijui kama umenijibu. Kama umenijibu kwa ukali, ni haki yangu.

Likizo nilikwisha kuiomba, kabla hujaniuliza. Nilikataliwa. Sikuweza kukuandikia hivyo kwa sababu neno likiandikwa linakuwa kweli, basi nikakuandikia kikohozi. Lakini wiki jana nilikuwa namkata Bibi kucha, akaniuliza, huyo mtoto wako bado anamwagilia? Nikasema anamwagilia. Akauliza, na dada yako bado anakata? Nikasema bado. Akanipa kidole kingine, akasema, mmoja nyumbani kwenu anafanya kazi ya kuficha kazi ya mwenzake. Nilienda bafuni nikalia mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Nimevunja mkataba. Mtoto wake Bibi amekasirika, amesema nikitoka mlango huo sirudi, na ni kweli sitaweza kurudi, sheria za huku ni hizo. Imeshakuwa. Natoka huku tarehe 3, na Jumatano tarehe 8 Julai, saa nane mchana, basi linaniteremsha stendi kuu. Nimepata pia kazi ya uhudumu katika hospitali ya wilaya, ile iliyo mbali na kwetu mwendo wa siku moja. Watanipa chumba. Nitakaa nanyi siku tatu kisha nitaondoka na Chiriku. Umebeba mzigo wangu vya kutosha, sasa upumzike, uponye goti.

Usikate tena. Barua hii ikifika, weka mkasi chini, acha yachanue yote. Mwite aje aangalie. Kwa mara moja katika maisha yake mtoto huyu aone jambo limesemwa na limekuwa.

Nakuja, dada.

Mdogo wako


11 Juni

Mdogo wangu,

Barua ya mwisho niliyo nayo ni ile ya Aprili. Pengine nyingine iko njiani. Sina nguvu ya kusubiri, nina jambo.

Kuku wa jirani hawana kosa. Leo asubuhi nilisahau miwani nikarudi kutoka njia panda, na Chiriku, aliyetakiwa kuwa shuleni, nikamkuta ukutani. Begi mgongoni, amepiga magoti, anayanyofoa matumba kwa kucha. Anayaweka kwenye mfuko wa sare. Anafanya haraka na vizuri, ana mikono ya kwetu.

Nilikaa chini kwenye jiwe la kufulia. Hakukimbia. Nikamwuliza ameanza lini, akasema muda mrefu, tangu alipoona moja lina rangi. Amewahi kuliona, mdogo wangu. Wakati mimi nafunika kwa gauni alikuwa ameshaliona. Hakujua kama nami nakata; alidhani anafanya peke yake, na alidhani yanapungua kwa sababu yeye ni hodari.

Nikamwuliza kwa nini. Nilijua jibu lolote litakaloniumiza nitastahili. Aliangalia viatu vyake akasema:

"Yakichanua Mama atakuja kunichukua. Na mimi bado sijamaliza kukaa kwako."

Sikumgombeza. Sikumwambia anakosea. Nilimwosha mikono, nikampeleka shuleni mwenyewe, nikamdanganya mwalimu kwamba alikuwa na homa. Kazini nimekunja karatasi siku nzima na zote nimezikunja kombo.

Naandika haya kwa sababu ungeyajua siku moja na ni afadhali uyajue kwangu. Anakupenda. Anaisoma karatasi yako kila anapolala. Ndiyo maana anaogopa, kwa sababu anaiamini. Nilidhani tunamlinda asijue kwamba maua yanaweza kusema uongo, kumbe yeye kila siku anayazuia yasiseme kweli. Nishauri. Safari hii nitakusikiliza, hata ukiniambia nini.

Dada yako


7 Julai

Mdogo wangu,

Karani wa vifurushi hapa stendi ni mtu mwema, amekubali kukaa na barua hii mpaka kesho saa nane. Nimemweleza ulivyo: mwembamba, unatembea kama umechelewa. Kaa kwenye benchi lake uisome yote kabla hujapanda gari la kuja nyumbani. Ile niliyokuandikia tarehe 11 Juni imefika nyumba ambayo wewe umeshaondoka. Pengine Bibi ameifungua na anatusahihisha. Basi nikueleze kwa ufupi yaliyokuwemo. Mwanao aliyaona maua zamani. Kwa muda mrefu amekuwa akiyanyofoa matumba kwa siri, asubuhi, ili usije. Alisema bado hajamaliza kukaa kwangu. Ndivyo alivyosema, sijaongeza neno.

Pole. Najua umeacha nini huko ili ufike kwenye benchi hilo.

Barua yako ya kwamba unakuja niliipata tarehe 30. Niliweka mkasi chini kama ulivyoagiza. Lakini sikumwambia. Nilikaa na habari hiyo siku tano, nikipika, nikifua, nikienda kazini, huku najiambia nitamwambia kesho. Ulisema nipumzike. Nilijaribu kuona nikipumzika. Niliona chumba kimetandikwa vizuri na hakuna anayenieleza habari za kuku.

Jumapili nikamwambia. Nilimkalisha mezani nikasema Mama anafika Jumatano, ataondoka na wewe, kuna shule nzuri huko na hospitali ina bustani. Hakulia. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mzee aliyesahau, kwamba haiwezekani, maua bado hayajachanua. Nikamwambia Mama anakuja hata hivyo. Akasema hapana, iliandikwa. Akaenda kuileta karatasi yako akaniwekea mbele.

Nikaisoma upya. Miezi mitano wewe na mimi tumehangaika neno lako lisivunjike, na sasa tunalivunja kwa wewe kuja.

Alitoka nje. Nikamfuata mpaka mlango wa jikoni. Siku zile tano nisizokata, naye nikimpeleka shule mwenyewe, matumba yalikuwa yamejaa tangu chini mpaka juu ya fito zinapotambaa, mengine yamebakiza siku moja tu. Alianza upande mmoja akaenda mpaka wa pili, hakuharakisha, hakuficha. Saa nzima. Mifuko ilipojaa akawa anaweka kwenye sketi. Alipomaliza akageuka, akaniuliza:

"Yamekwisha? Sasa hawezi kuja?"

Uje, mdogo wangu. Ni mwanao, nami sitasimama mlangoni kukuzuia. Akinyamaza tutanyamaza naye. Ila huwezi kuingia nyumba hii bila kujua nilichokifanya, na usoni mwako sitaweza kukisema, ndiyo maana nimekuja mpaka huku stendi kukiandika.

Aliponiuliza vile, nilitazama ukuta. Chini kabisa, nyuma ya ufito wa tatu, yalikuwa yamebaki matumba mawili ambayo hakuyaona. Nilimwonyesha.

Dada yako